Breka kubwa ya kiwandani: kwa nini inakata, na kwa nini isiyowahi kukata ndiyo ya kuiogopa

Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Ndiyo maana mwenye kiwanda cha kukamua alizeti Dodoma au Singida hushangaa mashine zinapozima ghafla wakati taa za jirani zinawaka. Lawama huenda kwa shirika la umeme, kisha kwa fundi, kisha kwa "breka mbovu". Mara nyingi wote watatu hawana kosa. Breka imefanya kazi iliyowekewa, na kukata kwake ni taarifa ambayo hakuna aliyeisoma.

Tuanze na maneno. Umeme wa msongo mdogo ni ule usiozidi volti 1,000. Nguzo kubwa hupitisha kilovolti 33 au 11, transfoma inaushusha, na kiwandani unafika volti 400 kati ya fezi na fezi, au 230 kati ya fezi na nyutro. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya, na hupimwa kwa ampea. Kuzidiwa mzigo ni mkondo kuwa juu kidogo ya uwezo wa kebo kwa muda mrefu. Shoti ni umeme kupata njia ya mkato, fezi kugusana na fezi, nyutro au ethi, na hapo mkondo unaruka mara kumi, ishirini au zaidi ndani ya kufumba na kufumbua.

Breka ni swichi inayojizima yenyewe mkondo ukivuka kiasi ilichopangiwa. Ndogo za majumbani tunazijua, nyingi haziendi mbali zaidi ya ampea 63. Kiwandani zimo za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kasha gumu lililofungwa kabisa, yenye mkono mmoja mweusi mbele, ambayo mafundi huiita MCCB. Hiyo huanzia ampea 16 hivi hadi 1,600. Ya pili ni ACB, kubwa kama sanduku, yenye springi inayojazwa nguvu kwanza, kitufe cha kijani cha kufunga (kuunganisha umeme) na chekundu cha kufungua (kuukata). Hii huanzia ampea 630 hadi 6,300, na kawaida hukaa mlangoni mwa umeme, mara tu baada ya transfoma.

Ndani ya MCCB ya kawaida kuna vihisio viwili. Kimoja ni kipande cha metali mbili zilizounganishwa, ambacho hupinda kikipata joto la mkondo. Hiki ni cha polepole na kinashughulika na kuzidiwa mzigo. Kingine ni sumaku inayovuta mara moja, na kazi yake ni shoti. Kihisio cha joto kina tabia ya sufuria ya uji: ukiitoa jikoni haipoi papo hapo, na ukiirudisha bado ya moto inachemka upesi kuliko mara ya kwanza. Ndiyo maana breka iliyokata kwa kuzidiwa mzigo, ukiiwasha hapo hapo, hukata tena haraka zaidi. Haijaharibika. Bado ina joto.

Kuna tarakimu mbili ambazo kila mwenye kiwanda angezijua zingemwokolea ugomvi mwingi. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-2, breka ikibebeshwa asilimia 105 ya ilichopangiwa haitakiwi kukata ndani ya saa mbili. Ikibebeshwa asilimia 130, lazima ikate ndani ya muda huo huo. (Kwa breka zisizozidi ampea 63 muda ni saa moja.) Kwa hiyo breka ya ampea 100 inayobeba ampea 110 kwa dakika arobaini bila kukata si mbovu, na ile inayokata baada ya saa nzima kwa ampea 125 nayo si mbovu.

Muda wa kukata ndio unaosema kilichotokea

Swali la kwanza la kumuuliza opereta ni hili: ilikata baada ya muda gani tangu kuwasha? Aina na umri wa breka vitafuata baadaye.

Ikikata pale pale unapowasha, kuna mawili. Ama kuna shoti kwenye kebo au mota, ama sumaku imepangwa chini mno. Chukua mota ya kilowati 30. Kwenye volti 400 inakula takriban ampea 55 ikiwa na mzigo kamili, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara sita hadi saba ya hizo, yaani ampea 330 hadi 385, kwa sekunde kadhaa. Ukiwa na breka ya ampea 63 ambayo sumaku yake imewekwa mara tano ya ampea zake, mpaka wake ni ampea 315. Itakata kila asubuhi na mota ni nzima kabisa. Ukiipeleka hadi mara kumi, mpaka unakuwa ampea 630 na mota inapita bila shida. Lakini usiiguse skrubu ya kupangia sumaku kabla ya kupima mota na kebo kwa mega, kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye insulesheni.

Ikikata sekunde kumi au ishirini baada ya kuwasha, mota inashindwa kuchanganya. Kwenye mashine za kukamua, sababu ya kawaida ni mashudu ya jana yaliyoachwa yakagandia kwenye skrubu ya kukamulia. Mota inavuta mkondo wa kuanzia bila kufika mwisho. Safisha mashine, na breka iache.

Ikikata baada ya nusu saa au zaidi, pima mkondo wa kila fezi kwa klampu mita, kipimo kinachobana kebo kwa nje. Ukikuta fezi zote ziko juu, mzigo umezidi. Ukikuta mkondo uko sawa na breka bado inakata, shika njia ya joto: kuna kiungo kilicholegea, na joto lake linapanda kwenye shaba hadi kufika kwenye kihisio ndani ya breka. Kihisio hakijui joto limetoka wapi.

Ikikata saa nane mchana lakini usiku kucha inakaa vizuri, angalia paa. MCCB nyingi za kiwandani hupimwa kiwandani zilikotengenezwa kwa joto la nyuzi 40. Hewa ya Dodoma mwezi Oktoba haifiki hapo, ila paneli ya chuma iliyo chini ya bati, ukutani upande wa jua la magharibi, ndani yake hupita nyuzi 50 bila shida. Breka yenye kihisio cha metali mbili hapo inapoteza asilimia kadhaa ya uwezo wake. Majedwali ya watengenezaji huonyesha kiasi kwa kila nyuzi. Tundu la hewa lenye chujio, au kuhamishia paneli kwenye ukuta wenye kivuli, ni dawa ya bei nafuu kuliko breka mpya.

Umeme umerudi, mashine hazijarudi

Hili ndilo linalozua simu nyingi. Umeme wa mtaa ulikatika, ukarudi, taa tatu za fezi kwenye mlango wa paneli zinawaka, lakini ndani kimya. Taa hizo huunganishwa kabla ya breka kuu, kwa hiyo zikiwaka zote tatu, umeme umefika. Kilichotokea ni kwamba ACB nyingi hufungiwa koili ya volti ndogo. Volti ikishuka hadi mahali fulani kati ya asilimia 70 na 35 ya kawaida, koili inaachia na breka inafunguka. Haijifungi yenyewe umeme ukirudi, na kwa makusudi: fikiria mota kumi zikianza kwa pamoja huku mtu ameingiza mkono kwenye kinu kutoa pumba. Ili koili ikubali tena, volti lazima ifike angalau asilimia 85. Umeme ukirudi ukiwa dhaifu, breka inakataa kufunga, na opereta anabonyeza kitufe cha kijani hadi kidole kinauma.

Utaratibu wa kuirudisha ni mfupi. Zima mashine zote zilizo chini yake. Hakikisha volti ni kamili kwenye fezi zote tatu. Kama ina mota ya kujaza springi, subiri; kama haina, vuta mkono wa kujazia hadi mwisho, mara kadhaa, mpaka kiashiria kionyeshe springi imejaa. Simama pembeni ya paneli, mlango ukiwa umefungwa, kisha bonyeza kijani. Halafu washa mashine moja moja, kubwa kwanza.

MCCB ina jambo lake linalowachanganya wengi. Ikikata, mkono wake haushuki hadi chini, unabaki katikati. Ukiusukuma juu kutoka hapo, haushiki. Sharti uushushe chini kabisa hadi usikie mlio, ndipo uupandishe. Zipo breka zilizotupwa kwa sababu hakuna aliyeushusha mkono.

Na kama iliyokata ni kwa shoti, isirudishwe kabla ya kupata chanzo. Kila ukiifunga juu ya shoti, cheche nene inakula vinywa vya mguso ndani. Kwenye bamba la breka kuna alama mbili, Icu na Ics. Icu ni shoti kubwa kuliko zote ambayo breka inaweza kuikata, bila ahadi kwamba itafaa tena baada ya hapo. Ics ni ile ambayo ikiikata bado inaweza kuendelea na kazi. Breka iliyokata shoti kubwa ikague au ibadilishe, hata kama mkono unapanda vizuri.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

"Inakatakata, weka kubwa zaidi." Hili ndilo kosa linalochoma viwanda. Breka ipo kwa ajili ya kebo. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 16 iliyopitishwa kwenye bomba hubeba takriban ampea 60 hadi 70. Ukiondoa breka ya 63 ukaweka ya 125, breka itatulia kabisa, na kebo ndiyo itakayokuwa fyuzi, tena ndani ya dari. Anayetaka ampea zaidi abadilishe kebo kwanza.

"Breka inamlinda mtu asipigwe shoti." Hapana. Mkondo wa sehemu ndogo tu ya ampea moja ukipita kifuani unaua, na breka ya ampea 100 haiwezi hata kuuhisi. Ulinzi wa mtu ni RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 pamoja na ethi nzuri. Ethi hiyo ardhi kavu ya Dodoma huitesa sana kiangazi, kwa hiyo ipimwe wakati wa ukavu. Kipimo cha masika kinadanganya.

"Breka ikiwa nzima mota haiungui." Fezi moja ikikatika nje, mota inaendelea kuzunguka kwa mbili, inavuta zaidi kwenye hizo mbili na kuchemka. Breka kubwa huenda isione chochote. Kazi hiyo ni ya ova lodi (kifaa cha kulinda mota isizidiwe mzigo) iliyopangwa sawasawa na mkondo ulioandikwa kwenye bamba la mota, pamoja na kifaa cha kulinda fezi.

"Ampea 100 ni ampea 100." Dukani kuna mbili zinazofanana kwa macho, moja nusu bei ya nyingine. Tofauti iko kwenye kA (maelfu ya ampea), yaani nguvu ya kukata shoti. Piga hesabu: transfoma ya kVA 500 hutoa takriban ampea 722. Kama bamba lake linasema ukinzani wa ndani ni asilimia 4, gawa 722 kwa 0.04, unapata ampea 18,050. Hiyo ndiyo shoti inayoweza kutokea mlangoni mwa transfoma. Breka ya kA 10 ukiifunga hapo haitakata shoti, itapasuka. Weka ya kA 25 kwenda juu. Mbali na transfoma, kebo ndefu inapunguza nguvu hiyo, na huko ya kA 10 inaweza kutosha.

Kidhibiti chenye vipimo vinne

ACB na MCCB kubwa za kisasa hazina metali mbili. Zina kidhibiti cha kielektroniki chenye vipande vinavyogeuzwa kwa bisibisi. Herufi ni L, S, I na G. L ni mzigo wa muda mrefu, S ni shoti yenye kusubiri kidogo, I ni shoti ya papo hapo, G ni umeme unaovujia ethi. Kwa transfoma ile ya ampea 722 na breka ya 800, L huwekwa 0.9, inakuwa ampea 720. S husubiri sehemu moja hadi nne za kumi za sekunde, ili breka ya mashine yenye shoti ikate kwanza na kiwanda kizima kisizime. Ukikuta shoti ya mota moja inaangusha breka kuu, hapa ndipo pa kuangalia. Kibaya kinachoonekana mara nyingi ni vipande vyote kugeuzwa hadi mwisho wa kulia, "ili isisumbue". Piga picha ya mpangilio kabla hujaugusa.

Matunzo

Breka inayokaa imefungwa miaka mitano bila kuguswa ndiyo ya kuiogopa. Grisi ya ndani inakauka na kuwa kama lami, na siku ya shoti, mtambo uliotakiwa kufunguka ndani ya sehemu chache za mia za sekunde unajivuta. Kiwanda cha alizeti kina adui wa ziada: vumbi la kiangazi likichanganyika na mvuke wa mafuta na unga wa maganda huwa utando wa kahawia unaonata, na ukipitisha kidole juu ya kasha la breka unabaki mstari. Nyigu hujenga humo, mjusi hulala juu ya shaba. Wakati mzuri wa kazi hii ni mwezi wa nne, kabla msimu wa kukamua haujachanganya. Kwenye vumbi zito, ongeza usafi mwingine katikati ya mwaka.

Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na iwe hivi. Zima mashine, fungua breka, fungua na chanzo cha juu yake. Kama breka inayohudumiwa ndiyo kuu, chanzo cha juu ni cha shirika la umeme, na wao ndio wa kukizima. ACB ya kuvuta itolewe hadi nafasi ya mwisho. Funga kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi, na kibandiko chenye jina. Usisahau jenereta na sola: umeme unaweza kurudi kwa nyuma. Kama kuna benki ya kapasita, subiri angalau dakika tano. Kisha pima: jaribu kipimo mahali penye umeme, pima hapa, rudi ujaribu tena penye umeme. Kipimo kilichokufa katikati ya kazi kimeua mafundi.

Vumbi lifyonzwe kwa mashine ya kufyonza na brashi laini. Hewa ya kompresa husukuma uchafu ndani zaidi, na mara nyingi ina maji. Mafuta ya kupuliza ya kulegezea nati yasikaribie, kwa sababu huiosha grisi na kuacha utando unaokamata vumbi. MCCB haifunguliwi, kasha lake limefungwa na mtengenezaji na likifunguliwa halirudi kuwa lilivyokuwa. ACB inafunguliwa sehemu ya vizima cheche: vitoe, angalia nyufa na bamba zilizoliwa. Vinywa vya mguso vya fedha vikiwa vyeusi tu, viache. Msasa unaondoa fedha yenyewe. Kinachohesabika ni alama ya ulaji wa unene, ambayo mtengenezaji ameionyesha.

Halafu viungo. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kote. Kiungo chenye ukinzani wa ziada wa miliomu moja, mkondo wa ampea 200 ukipita, kinatoa wati 40 za joto, sawa na pasi ndogo ya kulehemia isiyozimwa. Mkondo ukiwa ampea 400, wati zinakuwa 160, kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kiasi kilichoandikwa kwenye breka. Kukaza kwa nguvu za mkono hupasua kasha au kuvua nyuzi. Kebo ya alumini ikikutana na shaba, lagi (kichwa cha kebo kinachofungwa kwa boliti) iwe ya metali mbili, la sivyo ndani ya misimu miwili utakuta unga mweupe na plastiki iliyoungua. Kabla ya kuzima, kama kuna kamera ya joto, piga picha mzigo ukiwa angalau asilimia 40: fezi moja ikizidi nyenzake kwa zaidi ya nyuzi 15 kwa mzigo ule ule, hicho kiungo kisisubiri mwezi ujao.

Mtambo nao uchezeshwe. Fungua na ufunge mara tano hivi. Kwenye MCCB, bonyeza kitufe kidogo cha kujaribia kukata. Kupandisha na kushusha mkono peke yake hakuigusi ile kabari inayoachia wakati wa shoti. ACB ipakwe grisi aliyoitaja mtengenezaji, sehemu alizozitaja, kwa uchache.

Vipimo vya mwisho ni viwili. Mega ya volti 500 au 1,000: fezi kwa fezi na fezi kwa ethi breka ikiwa imefungwa, kisha juu kwa chini ikiwa wazi. Ikisoma chini ya megaomu 1 isirudi kazini. Breka safi kwa kawaida husoma mamia. Tenganisha kwanza koili ya volti ndogo na waya za kidhibiti, maana mega huziua. Cha pili ni ukinzani wa mguso kwa kipimo cha mikroomu, kwa kila fezi. Fezi moja ikizidi ile yenye kipimo kidogo kwa zaidi ya asilimia 50, kuna mguso uliochakaa ndani. Andika namba zote kwenye daftari linalokaa mlangoni mwa paneli, pamoja na tarehe na joto la siku hiyo, kwa sababu megaomu 80 haina habari yoyote mpaka ujue mwaka jana ilikuwa 400.

Ukilazimika kununua nyingine, nenda dukani na picha ya bamba la zamani. Linganisha ampea, volti 400 au 415, kA za Ics siyo za Icu pekee, idadi ya nguzo (njia za umeme inazozikata), na maandishi ya IEC 60947-2. Ampea zikiandikwa kwa karatasi ya kubandika inayochubuka kwa ukucha, mrudishie mwenye duka.